Mapato Mengineyo

Darasa letu zamani lilikuwa karakana ya useremala.
Maranda ya mninga bado yamo pembeni,
na meza niliyopangiwa ina jino la msumeno
lililovunjikia humo, likaachwa.
Ninaegemeza kiwiko hapo. Nina miaka arobaini na mitatu.
Anayenifuatia kwa umri ana ishirini na mmoja,
ananiita mama, kisha ananakili majibu yangu.

Saa kumi jioni, ukungu wa Newala ukigusa madirisha,
Mwalimu Chitanda anaandika ubaoni: USIMAMIZI WA BIASHARA,
anapiga mstari chini, mara mbili,
kama mtu anayefunga mdomo wa gunia.
Anasema mtaji. Anasema mizania.
Anasema uchakavu: kila chombo kinazeeka,
na kuzeeka kwake kuna bei, iandikwe.
Nikafikiria kikaango changu cha vitumbua,
matundu saba, moja limetoboka,
miaka tisa nauza sita sita nikiulaumu mkaa.

Jumanne moja tukafika kwenye madeni.
"Deni chechefu," akasema, "ni lile ambalo
mwenye busara hatarajii tena kulipwa. Mfano?"
Mdomo wangu haujui kutulia. Nikasema:
Bi Somoe Nampoto, vitumbua na uji,
tangu Machi mpaka Julai,
shilingi elfu kumi na nne na mia tatu.
Alisema msimu ukifika. Nani huku hasemi hivyo?
Huku hata mahari husubiri msimu.
Hakutaka kuuza kangomba, mikorosho ikiwa bado na maua,
kwa kijana wa pikipiki na mizani yake ya mfukoni.
Alisema: nitakulipa kwa bei ya mnada,
siyo kwa bei ya njaa.
Agosti akafa.

Wa nyuma akaacha kutafuna kalamu.
Mwalimu akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Pole. Lakini kitabu hakijui msiba.
Lifute. Lipeleke kwenye hasara."

Usiku nikafungua daftari,
lenye mafuta mengi kuliko wino.
Jina lake nimeliandika mara thelathini na nane.
Kaburini hana kibao, jiwe tu na fito mbili;
sijui mahali pengine duniani
alipoandikwa mara nyingi hivyo.
Rula nilikuwa nayo. Kalamu nyekundu nilikuwa nayo.
Nikapiga mstari, mwembamba,
ili jina lisomeke chini yake.
Hasara: 14,300.

Oktoba, mnada wa pili ulipokwisha,
akaja mwanawe, Bakili,
fulana imechanika begani kwa kubeba magunia.
"Mama aliniachia hesabu," akasema,
akatoa karatasi ya paketi ya chumvi,
vijiti vitano vitano, vimefungwa kama kuni.
Tukahesabu pamoja juu ya benchi.
Yake ikaizidi yangu kwa vikombe viwili vya uji
nilivyosahau kuandika.

Pesa nikazipokea. Sikujua pa kuziweka.
Deni nimeshalizika; nikilifukua, kitabu kitasemaje?
Nikamwuliza mwalimu. Akacheka, akasema
neno lake lipo, lipo kabisa kwenye mtaala:
deni lililofutwa, likilipwa, linaingia
chini ya mapato mengineyo.

Mengineyo.
Nikaichora safu hiyo kwa wino wa bluu:
Somoe Nampoto, 14,900.

Mtihani wa Novemba swali likaja:
Eleza maana ya deni chechefu. Alama tano.
Nikapata tatu. Pembeni ameandika: "Jibu refu mno."

Kikaango kipya nimenunua.
Sasa nauza saba saba,
na mkaa nimeuomba radhi.